Watu Hutoka Saa Ngapi

9 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo wewe na huyo mgeni uliyembeba? Huku kwetu sote wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini anakohoa huku akitoa amri, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Chiriku wangu amepoteza jino la mbele na sasa anazungumza kwa miluzi, ila maneno hayajapungua hata moja. Kaka alipopita hapa alisema daktari amekulaza huko kwa mama yako na hutakiwi hata kuinua ndoo. Tii, wifi. Nakujua, utaanza kupanga kabati ukidhani mama yako haoni.

Sasa habari yenyewe. Wamenipigia kutoka kiwandani kwenu, pale pa uchapaji. Wanataka niende kwenye usaili wa msanifu kurasa, na dada wa mapokezi akasema jina langu umelitoa wewe. Asante. Nilikuwa nimeanza kuzoea kupanga kadi za harusi za watu nisioalikwa.

Lakini kabla sijapanda basi na matumaini yangu, nataka uniambie ukweli, mwanamke kwa mwanamke. Unajua kwa nini niliacha kazi gazetini. Nilikuwa natoka Chiriku amelala na kurudi Chiriku amelala, mpaka siku moja akamwuliza bibi yake kama mimi ni mpangaji. Nilicheka mbele ya watu, nikaenda kulilia bafuni. Sirudii tena maisha yale.

Basi niambie. Watu hutoka saa ngapi pale? Sikuulizi kilichoandikwa ukutani, nakuuliza wanashika mkoba na kutoka mlangoni saa ngapi. Jumamosi je? Mtoto akiugua, unaondoka bila kutazamwa kama mwizi? Usinipambie. Ukisema ni pabaya nitabaki na kadi zangu na hatutagombana.

Pakiwa pazuri, nitakuja na Chiriku tukae kwenu na Kaka mpaka utakaporudi na mtoto.

Wifi yako,
Mama Chiriku


14 Januari

Wifi mkorofi,

Mimi sijambo, ila nimechoka kulala kama gogo. Miguu imevimba hadi viatu vya marehemu baba vinanitosha. Mama ananichunga, nikigeuka tu anauliza naelekea wapi. Msalimie mama mkwe, mwambie kikohozi chake kinasikika hadi huku. Mbusu Chiriku, na hilo jino mlitunze.

Kazini ni pazuri. Tunachapa vitabu vya shule, kalenda na mitihani. Bosi tunamwita Mjomba, kwa sababu kila mara anasema sisi ni familia. Ana utani mwingi. Watu hutoka saa kumi na moja. Zipo siku za msukumo, kama penye uchapaji popote, lakini zinapita. Mimi nimekaa pale miaka yote hii. Ningekuwa mjinga wa namna gani kukaa mahali pabaya?

Neno moja tu. Kwenye usaili usimwulize habari za saa. Anawaona watu wa maswali hayo kuwa wavivu. Mwulize kuhusu mitambo, anaipenda kuliko mkewe. Na Chiriku usimtaje mpaka uulizwe.

Njoo, wifi. Nyumba ipo, na kaka yako akitoka kwenye minara yake ya simu anahitaji mtu wa kumkumbusha kula.

Wifi yako mwenye tumbo


28 Januari

Wifi,

Unaendeleaje? Kaka anasema miguu imepungua kidogo. Tunashukuru.

Nimetoka kwenye usaili na sijatulia, kwa hiyo nakuandikia nilivyoona, hatua kwa hatua, unisaidie.

Nilifika mapema. Nikakalishwa mapokezi mpaka nikazikariri kalenda zote zilizotundikwa. Hakuna aliyesema samahani. Nikaomba kwenda kunawa, na chooni juu ya sinki nikakuta kikombe kimejaa miswaki. Mswaki mmoja ningesema mtu ana tabia zake. Ile ilikuwa ya ofisi nzima. Nilipopitishwa chumba cha wasanifu nikaona godoro limekunjwa nyuma ya marundo ya karatasi, na kijana mmoja anakula kwa mkono wa kushoto huku wa kulia uko kwenye kompyuta, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekatakata vitunguu. Hakuna aliyeinua kichwa. Wifi, mgeni anapita chumbani na hakuna hata mmoja anayetaka kujua ni nani?

Mjomba alinipokea kwa bashasha. Kando yake alikaa mzee mmoja wa miwani, msahihishaji wenu. Maswali ya kazi niliyajibu vizuri, mwenyewe alikubali kwa kichwa. Halafu akauliza, "Una mtoto?" Nikasema ninaye. "Nani anamlea?" Nikasema mimi. Akaandika kitu.

Aliponiambia niulize swali, nisamehe, ulimi uliniteleza. Nikauliza, "Watu hutoka saa ngapi?"

Akacheka. "Hapa hatuangalii saa, mama, tunaangalia kazi. Sisi ni familia." Nilimtazama yule mzee. Alikuwa anaitazama meza kama imeandikwa kitu.

Leo wamepiga simu, wamenichukua, wanataka jibu kesho. Macho yangu yanasema hapana na wewe unasema ndiyo. Nimwamini nani?

Wifi yako,
Mama Chiriku


29 Januari

Wifi wangu wa maswali,

Mimi na mgeni wangu hatujambo. Picha ya barua yako imefika, nami najibu haraka kwa simu kabla mama hajaninyang'anya.

Godoro ni la mlinzi. Miswaki ni ya watu wanaojali meno yao. Huyo kijana ni mlafi, hula hata akiwa anashuka ngazi. Na mzee wa miwani huitazama meza kwa sababu haoni mbali.

Ungekwenda kwa moyo mweupe usingeona hata nusu ya hayo. Gazetini walikuumiza, sasa kila ofisi unaiona gazeti. Niamini mimi. Kubali.

Wifi yako


19 Aprili

Wifi,

Leo sikuulizi hali. Kaka ameniambia u mzima, inatosha.

Ijumaa tulikuwa na kazi ya mitihani, ya kwanza tangu nikubali kazi na kuhamia kwenu na Chiriku. Wewe unajua maana yake. Mimi sikujua, kwa sababu hukuniambia. Simu zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni, mlango ukafungwa kwa ufunguo, tukaambiwa ni kazi ya siri na tutatoka alasiri. Sawa, mitihani ni siri, hilo naelewa. Alasiri ilipofika Mjomba akasema makosa yamezidi, hatoki mtu. Nikamfuata mezani kwake. Nikamwambia nina mtoto shuleni, kaka yangu yuko safarini kwenye minara, hakuna mwingine wa kumchukua. Nikamwomba nipige simu moja tu, yeye mwenyewe asimame asikilize ninachosema.

Akanijibu, "Shule ina walimu." Akaendelea kukagua kurasa zake.

Tulifunguliwa Jumamosi asubuhi. Simu yangu ilikuwa imepigiwa mpaka ikazimika. Nilikimbia shuleni na nguo za jana. Geti limefungwa. Sijui kama umewahi kusimama mbele ya geti la shule lililofungwa, hujui mwanao yuko wapi. Nililipiga kwa viganja mpaka mfagizi akatoka na kuniambia mwalimu wa darasa alimchukua kwake. Alikuwa amengoja naye barazani mpaka giza likawafukuza.

Nilimkuta Chiriku kwa mwalimu amevaa gauni la mtoto mwingine, anakunywa chai. Hakunikimbilia. Aliweka kikombe chini taratibu, akaniuliza, "Umekuja kunichukua, au umekuja kuniona?"

Na yule mwalimu, kwa upole kabisa, "Mama, tulidhani umepata ajali." Angenitukana ningemshukuru.

Jumatatu nilimweleza Mjomba. Akasema pole. Halafu akawageukia wenzangu, "Ndiyo maana huwa nauliza nani anamlea mtoto." Na wengine wakacheka, wifi. Chiriku ana mjomba mmoja, naye ni mumeo. Huyu wa ofisini ni mjomba wa nani?

Mzee wa miwani alinifuata kwenye korido. Alinipa pole, akaniambia mambo ni haya haya tangu zamani, akasema, "Hata wifi yako alifungiwa humu mara nyingi. Lile godoro alilinunua yeye, mgongo ulipoanza kumsumbua."

La mlinzi, uliniandikia. Ulililalia wewe, na mimba yako, halafu ukakaa kitandani kwa mama yako ukaniandikia utani wa meno. Nilikuuliza kitu kimoja tu. Sikukuomba kazi, nilikuomba ukweli.

Nakuombea ujifungue salama. Na nakuombea siku moja mwanao akungoje getini mpaka giza liingie, ndipo utajua ulichonifanyia.

Sina salamu za kumalizia.

Mama Chiriku


23 Aprili

Mama Chiriku,

Nakuita hivyo maana naona uwifi umeufuta.

Godoro nililinunua mimi, ndiyo. Unadhani hili shinikizo la damu lilinitoka wapi, kwenye chumvi? Daktari aliponilaza, Mjomba alinipigia simu kila siku, nikiwa na sindano mkononi, akiuliza faili fulani liko wapi. Nilipomwomba anisainie likizo ya uzazi akasema nafasi haisubiri tumbo: nimletee mtu anayeijua kazi, la sivyo nisijisumbue kurudi. Nilimpelekea wasichana wawili niliosoma nao. Wote waliuliza ulichouliza wewe. Mmoja alionyeshwa mlango, mwingine alimcheka akajitokea mwenyewe. Kisha ukaandika wewe, na swali lile lile.

Kazi ya kaka yako inaanza na kukatika, unaijua. Nilikuwa nimelala naangalia dari, najiuliza mtoto huyu atazaliwa kwenye nyumba ipi. Nikakudanganya. Nilikudanganya mara mbili, na ile ya pili nilijua kabisa ninachofanya. Sitasema kalamu iliteleza.

Lakini na wewe usijifanye uliingizwa pale umefungwa kitambaa machoni. Miswaki uliiona. Godoro uliliona. Mjomba alikuuliza nani anamlea mtoto, ukamsikia kwa masikio yako. Uliniandikia yote hayo kwa mkono wako, halafu ukaomba mimi ndiye niseme ndiyo. Hukuwa unatafuta ukweli wakati ule, ulikuwa unatafuta mtu wa kumlaumu baadaye. Kazi uliihitaji kama nilivyoihitaji mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi sina wifi mwingine wa kumtupia.

Yaliyompata Chiriku yananiuma, na sitakuomba umwambie, kwa kuwa sina uso wa kumtumia salamu.

Na hilo ombi lako juu ya mwanangu, nililisoma mikono yangu yote miwili ikiwa tumboni. Nimekaa nyumba moja na nyinyi miaka, sikujua una maneno kama hayo ndani yako. Usiniandikie tena.

Mke wa kaka yako


30 Juni

Wifi,

Hamjambo wewe na mtoto? Kaka aliniambia ni msichana na kwamba amechukua masikio yake. Hongera, na poleni kwa hayo masikio. Najua nimechelewa. Kila nilipoanza kuandika, nilijikuta naandika matusi, nikachana. Bado nina hasira. Naandika kwa sababu kuna jambo linakuhusu na hakuna mwingine atakayekuambia.

Utauliza kwa nini niliendelea kukaa pale baada ya Aprili. Kwa sababu ile ile uliyonayo wewe. Mwalimu alikubali kuondoka na Chiriku kila siku na kukaa naye mpaka nimpitie, na mimi nikainamisha kichwa nikafanya kazi. Barua yako niliisoma mara nyingi. Uliposema niliona kila kitu, nilitaka kuvunja sahani. Sikuvunja. Ulisema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Wiki iliyopita Mjomba aliniita. Kuna usaili wa msanifu mwingine, akataka nikae upande wake wa meza. "Huyu binti akikubali," akasema, "wewe utatoka saa kumi na moja kila siku. Neno langu. Wewe mweleze tu kwamba hapa ni pazuri. Wanawake mnaaminiana."

Nikamwuliza anakuja kwenye nafasi ya nani. Akashangaa. "Ya wifi yako. Mwenye mtoto mchanga atanifaa nini?" Alinena hivyo kwangu, mimi shangazi wa huyo mtoto, kama mtu anayenipa zawadi.

Binti akaingia. Viatu vimeng'arishwa, faili kalikumbatia kifuani. Alijibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi. Mjomba akamwambia sisi ni familia, kisha akamwambia aulize swali. Binti hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Dada, jana siku yako ilikuwaje?"

Wifi, mimi niliuliza kuhusu saa, nikajibiwa kwa mzaha. Swali lake halikuwa na mahali pa kujifichia. Mjomba alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nikamwambia, "Jana nilifika asubuhi. Nilikula nimesimama. Mwanangu alichukuliwa shuleni na mwalimu, kama kila siku, na nilipompitia alikuwa amekwisha kulala, nikambeba mgongoni. Na jana ilikuwa siku nzuri, kwa sababu mlango haukufungwa."

"Mama Chiriku ana utani," Mjomba akasema.

"Sina utani," nikasema. Nikamweleza habari za kikapu cha simu, na godoro lilinunuliwa na nani, na kwamba nafasi anayotafutiwa ni ya mtu aliyekwenda kujifungua. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga faili lake, akasema, "Asanteni kwa kunieleza," akatoka.

Mjomba alingoja mlango ujifunge. "Umejifukuza mwenyewe," akasema.

Nikamwambia sawa, lakini na mimi nina swali la usaili. "Umesema sisi ni familia. Mwanangu uliyemlaza kwa watu anaitwa nani? Kila siku unaniita kwa jina lake la utani. Jina lake la kweli ni nani?" Akaanza kupekua karatasi zake za usaili. Nikamwuliza na mtoto wako wewe, wifi, aliyezaliwa, ni wa kike au wa kiume. Hakujua hilo pia.

Ukuta wa chumba kile ni wa kioo, kila mtu alisikia. Nilipotoka kuchukua sweta na kikombe changu hakuna aliyesimama. Mzee wa miwani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Siwalaumu, wana watoto wao. Lakini sikuwaaga.

Sasa natafuta kazi. Kuna ofisi moja ndogo ya wachapishaji imeniita Alhamisi. Safari hii nilikwenda kwanza jioni moja nikasimama ng'ambo ya barabara kama mpelelezi, nikawatazama wanavyotoka. Walitoka jua bado lipo, wanabishana na kucheka. Mmoja alisahau mwavuli, akarudi ndani, na akatoka tena. Kwetu mtu aliyerudi ndani alikuwa haonekani mpaka kesho yake. Bado sijawaamini. Nitawauliza kuhusu jana yao, wote watakaokaa mezani, mmoja mmoja, na nitaangalia nani anatazama meza.

Basi hiyo ndiyo habari. Nafasi yako inauzwa huku wakikuambia upumzike. Fanya utakavyoona.

Kuhusu lile ombi langu la Aprili: hasira yangu ni kwako wewe peke yako. Mtoto hayumo. Sikupaswa kumtia.

Shangazi wa huyo msichana


5 Julai

Wifi,

Sisi wazima. Mtoto ananyonya na kulia, hana kazi nyingine. Masikio yanazidi kukua.

Mjomba alinipigia siku mbili kabla barua yako haijafika. Sauti imejaa asali. Aliniulizia "mtoto wetu". Akasema kuna fujo umefanya, akasema wewe si mzima wa akili, akataka nikushawishi umwombe radhi mbele ya wote. Nikifanya hivyo, nirudi wiki ijayo, likizo iliyobaki nitaimalizia siku nyingine, kwa kuwa nafasi yangu ameilinda kwa nguvu zake zote. Nikamwambia nitafikiri. Sitakuficha: nilifikiri kweli. Nilikuwa nimeshaanza kumwuliza mama kama anaweza kuja kukaa nasi amlee mtoto.

Kisha nikasoma barua yako, nikajua alivyokuwa akiilinda.

Nikampa mama mtoto, nikampigia Mjomba mimi. Sikuwa na maswali mazuri kama yenu. Nilimwambia sirudi, na nikaanza kumwambia kwa nini, tangu simu zake nikiwa na sindano mkononi, kila usiku niliolala pale chini kama mzigo, kila safari niliyomwambia kaka yako kwamba kazi ni nyingi tu. Nilipofika kwa Chiriku alikata simu. Mimi sikunyamaza. Niliendelea kusema na simu iliyokatika, mama kasimama mlangoni ananitazama na mtoto begani, mpaka nikamaliza yote.

Kaka yako nimemweleza. Akasema tutatafuta nyumba ndogo zaidi. Alisema kwa huzuni au kwa ahueni, sikujua, na sina nguvu ya kumwuliza.

Tunakuja Jumamosi, mimi na mtoto. Usiende popote. Lile ombi sijakusamehe, hata kama umemtoa mtoto. Na mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Kwa barua ndiko nilikokudanganya, na nilidanganya vizuri. Ungeniona uso usingekubali kazi ile hata siku moja. Kwa hiyo tutagombana jikoni, tunatazamana, mlango umefungwa, Chiriku akiwa nje anacheza. Sema yote uliyoyachana. Mimi pia nina yangu, usidhani nakuja kuinamisha kichwa.

Ukichoka kunitukana utamshika mtoto, maana amekuwa mzito na mikono inaniuma.

Wifi yako